Ile Nusu ya Vidonge vya Baba

Nyumbani kwa mama,
chumba cha cherehani.
Jumapili, 14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Msumari,

Pokea salamu zetu sote kabla ya maneno mengine. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na wale wawili wanaoniita shangazi huku hawanijui ila kwa picha. Jicho lako lililopigwa na cheche limepoa? Wifi ameacha kukohoa asubuhi? Na yule mkubwa, bado anakula chaki shuleni, au ameshiba?

Sisi huku hatujambo. Mama hajambo. Najua hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta kwa macho tangu ufungue bahasha, ndiyo maana nimeliweka huku juu. Leo ni siku ya kumi na mbili tangu apasuliwe. Mshono umekauka, homa hana, anakula, anagombana na watu. Jana nilimkuta ameketi mbele ya cherehani na miguu iko kwenye pedali. Alisema hashoni, anaipa miguu mazoezi tu. Nikaondoa mkanda wa cherehani nikauweka kwenye mkoba wangu, na tangu jana hatujasemezana vizuri.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ninayo. Katika wiki hizi mbili tulipigiana simu mara tatu, na mara zote tatu kuna aliyekata. Mbili ulikata wewe, moja nilikata mimi, na hiyo moja nakuomba radhi. Barua ina raha yake. Huwezi kunikatiza, na hata ukiikunja kwa hasira utaikunjua tena, maana utataka kujua imeishaje. Tena nina jambo moja la kukwambia ambalo kwenye simu lingenishinda. Nitafika huko, nivumilie.

Nianze na huyo mama yako. Ule uvimbe wa kitovu, ile ngiri, hakuupata mwezi uliopita kama alivyotuambia. Anao huu mwaka wa pili. Unajua alivyouficha? Alijishonea magauni mapana. Kila ulipoongezeka, aliongeza marinda. Mimi muuguzi wa chumba cha upasuaji, naingia na kutoka humu ndani kila wiki, nikamsifia mitindo yake mipya. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, na yeye ilikaribia kumuumbua siku ile utumbo ulipobanwa akashindwa kusimama. Ulirudi wenyewe, tukashukuru, na safari hii hakupewa nafasi ya kubisha.

Sasa upasuaji wenyewe. Sheria yetu hairuhusu ndugu wa mgonjwa kuingia chumbani, hata akiwa mfanyakazi wa humo miaka kumi na minane. Kwa hiyo siku ile nilivaa nguo za nyumbani nikakaa kwenye benchi la nje pamoja na mama mdogo, mahali ambapo huwa nawakuta watu wamekaa na kuwaambia wasiwe na wasiwasi. Lile benchi ni gumu. Sikulijua hilo. Nimeshaomba lipelekwe kwa fundi likawekewe mto.

Mama alipangwa wa kwanza, saa tatu asubuhi. Saa mbili na nusu kule wodini wakampiga sindano yake ya antibayotiki ya mshipa, sawasawa na mwongozo. Mara akaletwa mzazi aliyekwama, mtoto amechoka tumboni, na meza ikachukuliwa. Hilo halina ugomvi, anayekufa hupita mbele. Mtoto alitoka analia, mama yake mzima. Baada ya hapo chumba kikasafishwa, vyombo vikachemshwa upya, na mama yetu akaingizwa saa sita kasoro robo.

Hapa nikueleze mwongozo wetu, maana ndio tuliougombania kwenye simu bila hata mmoja kumsikia mwenziwe. Ni karatasi moja tu, imetiwa kwenye nailoni na kubandikwa ukutani. Kwa upasuaji kama wa mama, inasema dawa ni ile iliyoandikwa pale, si nyingine kwa kuwa ni mpya au ni kali. Inaingia mshipani ndani ya saa moja kabla ya kisu, ili kisu kinapofungua ngozi dawa iwe imeshafika na inangoja. Na mshono ukishafungwa, basi. Hakuna vidonge vya kwenda navyo nyumbani. Kidonda kikija kuharibika, hiyo ni habari nyingine, mtu hupimwa na kutibiwa, na hapo mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kukimbilia dawa.

Wewe ni fundi wa kuchomelea, nikuulize swali la kazini kwako. Kutu unaipiga brashi kabla ya kuchomelea au baada? Ukichomelea juu ya kutu, hata ukae wiki mbili unasugua juu ya mshono, kutu iko ndani na wewe uko nje. Hilo nililisema pia kwenye simu, lakini nadhani ulikuwa umeshakata.

Basi, tuna desturi yetu pale ndani. Kabla daktari hajapewa kisu, kila mtu huacha anachofanya, na muuguzi wa zamu husoma kwa sauti: huyu ni nani, anapasuliwa nini, upande gani, dawa imeingia saa ngapi. Mwenzangu tunayemwita Kengele, kwa sababu ya hiyo sauti yake, ndiye aliyekuwa zamu. Alifika kwenye dawa, akatazama fomu, akakuta tiki. Tiki tupu, haina saa. Imeingia, ndiyo, lakini lini?

Daktari wetu ni mtu mpole ila siku ile alikuwa amesimama tangu alfajiri, na mkono alishaunyoosha. Kengele akamwambia asubiri. Akapiga simu wodini, wakamjibu saa mbili na nusu. Zaidi ya saa tatu zimepita. Daktari akaurudisha mkono, akasema mama wa watu apigwe nyingine na wote wangoje. Wakangoja, mikono imekunjwa kifuani, wanatazama saa ya ukutani. Kisha ndipo kisu kikapita.

Mimi nilikuwa nje sijui kitu. Kengele alinisimulia jioni, nami nikacheka kwanza, halafu kicheko kikakauka. Ile fomu niliitengeneza mimi, Msumari. Mwaka jana. Nilikaa na rula hapa hapa kwenye meza ya mama, nikachora visanduku vizuri vya kuweka tiki ili kazi iende haraka, nikaringa nayo kwenye mkutano. Mimi ninayewafokea wenzangu kwa dakika kumi za kuchelewa, nilisahau kuacha nafasi ya kuandika saa. Kama Kengele angekuwa mtu wa kuridhika na tiki, mama angefunguliwa na dawa iliyokwisha nguvu, na kosa lingekuwa la binti yake.

Kesho yake nilizichana fomu zote zilizobaki. Mpya ina mstari mrefu, na juu yake nimeandika SAA. Kengele ananiuliza kila asubuhi kama rula yangu haijambo.

Naja sasa kwenye boksi lako.

Lilifika siku mbili kabla ya upasuaji, limefungwa kwa gundi ya karatasi mizunguko kumi, hata nikadhani umetuma vyuma. Ndani ni kapsuli zile kali, za wiki mbili, na karatasi yenye mwandiko wako: asubuhi mbili, jioni mbili, asikose. Nilijua umezitafuta kwa shida. Nilijua pia kwamba mama hatazimeza, nikaziweka juu ya kabati langu nikakupigia kukueleza. Hiyo ilikuwa simu ya kwanza. Ukakata.

Sikujua kwamba baada ya kunikatia ulimpigia mama mdogo. Na mama mdogo unamjua, ukimwambia kitu ni siri ya watu wawili anajiona amepewa uwaziri. Akaingia chumbani kwangu akachukua karatasi mbili za kapsuli, na siku ya pili baada ya upasuaji akaja wodini na chupa ya chai. Alikuwa anazipasua zile kapsuli na kumwaga unga ndani ya kikombe, anakoroga, anaongeza sukari. Mama akanywa akasema chai ya leo ni shubiri. Mama mdogo akamwambia ni sukari ya siku hizi.

Kwa siku mbili mama alikunywa hiyo chai, na tumbo likafunguka. Si utani. Mtu amepasuliwa kitovuni, kila akiinuka kitandani anashika mshono kwa mikono miwili, na anatakiwa kuinuka mara tisa kwa siku. Midomo ilimkauka, tukarudisha dripu. Daktari akaniuliza amekula nini, nikasema hakuna, nikaapa kwa jina langu. Nikakuta ganda la kapsuli chini ya kitanda, nusu nyekundu nusu njano, nikalitambua.

Nilimwuliza mama mdogo mara moja tu. Alilia kabla sijamaliza swali. Sikumgombeza sana, maana alikuwa ameshajigombeza. Nilikwenda kwa daktari nikamwambia ukweli wote, akauandika kwenye faili mbele yangu. Kwa mtu wa cheo changu hiyo si siku ya kuikumbuka.

Nikueleze hizo dawa zinafanya nini zikiingia mahali ambapo hazina kazi. Tumboni mna vijidudu vyema vinavyotusaidia, na dawa haiulizi nani mwema, inafyeka. Wachache wanaobaki ndio waliojifunza kuishi nayo. Hao wanazaana, wanasambaa wodini kwa mikono yetu na mashuka yetu, na siku mgonjwa anapoihitaji dawa ile kwa kufa na kupona, inamwangalia tu. Hilo la mwisho likumbuke, nitalirudia chini.

Basi nikakupigia kwa hasira, simu ya pili. Nakiri nilianza kwa kufoka. Nawe ukaniambia neno ambalo sikulielewa. Ulisema, "Baba alikufa kwa dawa nusu. Mama hatakufa kwa dawa sifuri." Ukakata. Nilipiga tena, ukaanza upya, nikakata mimi.

Nilikaa na lile neno siku nzima. Dawa nusu ipi? Mimi wakati baba anaumwa nilikuwa chuo cha uuguzi, mwaka wa pili, mbali. Nilichojua ni kwamba utumbo ulijisokota, akapasuliwa haraka, kidonda kikaoza, na siku ya kumi na moja tukaitwa. Sikuwahi kusikia habari ya nusu. Kwa hiyo tumbo la mama lilipotulia, nikamwuliza.

Mama alishika ukingo wa shuka akawa anaukunja kana kwamba anataka kuupinda kwa sindano. Kisha akaniambia yote.

Akaniambia kidonda kilipoanza kunuka, daktari wa wakati ule aliandika vidonge, na pale hospitali havikuwapo. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa, ndiye mwanamume pekee mwenye miguu nyumbani. Ukaenda duka la kwanza la dawa, la pili, la tatu, kwa mbio, katikati ya mchana. La tatu walikuwa navyo nusu tu ya vilivyoandikwa. Ukarudi na nusu ndani ya bahasha ya kaki. Kesho yake ukatoka tena kutafuta nusu nyingine, na siku iliyofuata, hadi viatu vikafunguka nyuzi, na hukuipata. Baba akafa vidonge vimekwisha siku mbili nyuma.

Akaniambia kwamba baada ya mazishi alifua shati lako akakuta mfukoni karatasi tupu ya vile vidonge. Alipokuuliza, ulimwambia, "Dada alisema nikikosa hata kimoja baba hatapona."

Msumari, mimi nilikuwa nimesahau. Ukurasa huu nimeunakili upya mara mbili. Nilipiga simu kutoka ofisi ya mlezi wa chuo, nilipewa dakika tatu, nikasikia sauti yako unalalamika kwamba jua ni kali. Nikataka uharakishe. Nilikuwa na vazi jeupe jipya na mwaka mmoja na nusu wa masomo, na niliona najua kila kitu. Nikakwambia vile. Nilikata simu nikaenda darasani, nikala, nikalala. Wewe ukabaki na neno hilo miaka ishirini na moja. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii mama alitufundisha wote wawili, ila ni mimi niliyepaswa kuisikiliza.

Nilimwuliza mama kwa nini hakuniambia miaka yote. Akasema alikuwa na watoto wawili tu, hakutaka mmoja amwangalie mwenziwe kwa jicho lile.

Kulia nililia, nakwambia wazi. Halafu nikafanya kitu ninachojua kufanya, nikatafuta karatasi.

Baba alipasuliwa katika hospitali hii hii ninayofanya kazi. Mama aliweka sahihi ya ruhusa, nikampelekea mzee wa chumba cha kumbukumbu, mtu anayeishi na mafaili kama mfugaji na kuku, kila moja analijua lilipo. Aliniambia nimpe siku mbili. Siku ya pili akanikabidhi faili la kahawia lililoliwa na mende kwenye pembe, na jina la baba kwa wino wa bluu. Nililisomea pale pale nimesimama, kati ya rafu mbili.

Nakupa nilichokiona, bila kuongeza wala kupunguza.

Kwanza. Siku baba anapasuliwa, mahali pa kuandika dawa iliyotolewa kabla ya kisu pako wazi. Hakuna sindano, hakuna saa, hakuna hata tiki. Nami najua tumbo lenye utumbo uliokufa likifunguliwa bila dawa ndani ya damu linavyokuwa. Siwezi kukuapia kwamba sindano ingemponya, maana aliletwa amechelewa na hali ilikuwa mbaya. Lakini saa ya ile dawa kufanya kazi ilipita kabla wewe hujatumwa dukani, kabla hata hujaambiwa baba amepasuliwa.

Pili, na hili lisome taratibu. Walichukua usaha wa kidonda wakaupeleka maabara. Sisi hatukuambiwa. Majibu yalirudi siku tatu baada ya mazishi, mtu akayabandika kwenye faili, na faili likafungwa. Yameorodheshwa majina ya dawa sita. Jina la vidonge ulivyokimbilia ni la pili kutoka juu, na mbele yake wameandika neno moja tu, kwa mkono: sugu.

Maana yake ni kwamba vijidudu vilivyomla baba vilikuwa havisikii dawa ile. Vilishaizoea. Kurasa za dawa humo ndani zimejaa vidonge hivyo hivyo, na wauguzi wakongwe wananiambia wakati ule kila aliyetoka kupasuliwa alipewa vya siku kumi au kumi na nne, awe na kidonda kibaya au kizuri. Vijidudu vilisomeshwa vizuri sana. Kwa hiyo nusu uliyoleta haikumfaa baba, na nusu uliyoikosa isingemfaa. Ungerudi na gunia, ingekuwa vile vile.

Nakala ya karatasi ile nimeitia ndani ya bahasha hii, ikunjue uitazame mwenyewe. Najua wewe huamini mpaka upime.

Sasa unaelewa kwa nini nililitoa boksi lako juu ya kabati. Sikulitoa kwa dharau. Nimelikabidhi kwa mfamasia wetu likateketezwe kwa utaratibu, na karatasi yako yenye maelezo nimeibakiza, kwa sababu ni mwandiko wako na umeandika "asikose" ukapiga mstari mara mbili chini. Kabla sijajua habari ya baba, mstari ule niliuona kama amri. Leo nauona vingine.

Niguse na mambo mengine, barua isiwe ya hospitali tupu.

Paa la jikoni linavuja pale pale ulipolipiga kiraka mara ya mwisho. Jirani wa kulia amenunua redio mpya na ametununulia na sisi, maana tunaisikia yote. Mama mdogo ameapa hatatia tena mkono kwenye chai ya mtu, na kwa kweli sasa tukienda kwake tunajimiminia wenyewe. Anakuogopa wewe kuliko mimi, kwa hiyo mpigie umwambie yamekwisha.

Mama alitolewa nyuzi wodini juzi. Wakati daktari akizitoa, mama aliomba kioo. Akajitazama kwa makini, akamwambia daktari mshono ni mzuri ila umevutwa kidogo upande wa kushoto, na kwamba yeye angeanzia katikati. Daktari akasema safari nyingine atamwita msaidizi. Wodi nzima ilicheka, na mama akashika tumbo akasema asichekeshwe, ataupasua ushahidi.

Amenituma nikwambie kwamba mshono wake ni nadhifu kuliko wako wa lile lango la mbele. Hilo nalikubali.

Nisalimie wifi yangu, mwambie kikohozi cha asubuhi akapimwe, asinunuliwe kitu dukani kwa kubahatisha. Nisalimie wanangu wawili. Mama mdogo anakusalimu kwa aibu, mume wangu anakusalimu na anauliza ile mashine ya kukatia vyuma uliyomwahidi, Kengele anakusalimu ingawa hamjuani, na mzee wa kumbukumbu pia, kwa kuwa sasa anajua habari zetu zote. Mungu akufunike, ayalinde macho yako na mikono yako, na akufungulie njia ya kuja tukuone kabla paa halijaanguka lote.

Nimebakiza moja. Yale maneno ya kwenye simu, ya miaka ishirini na moja iliyopita, niliyasema mimi na hayakuwa kweli. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, lakini naweza kukuonyesha aliyeyamwaga. Si wewe. Nisamehe, mdogo wangu.

Nilimsomea mama barua hii kabla ya kuifunga. Hakutaka nibadilishe kitu. Nilipomwuliza kama ana neno lake la kukuandikia, aliniomba kwanza mkanda wa cherehani, nikamnyima. Kisha akasema nikuandikie hivi: "Mwambie mwanangu akae chini. Alikimbia vya kutosha."

Ndimi dada yako, nikupendaye tangu ulipokuwa huna hata jina la utani.